Andika Ulichofanya

Katika shule nyingi za sekondari nchini Kenya, kesi huanza kwa karatasi tupu. Mwanafunzi ameitwa ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu. Amesimama wima, mikono nyuma. Anasukumiwa karatasi na kalamu, kisha anaambiwa: "Andika ulichofanya." Hajaambiwa ameshtakiwa kwa kosa gani. Hajaambiwa nani amemshtaki. Kazi yake ni kulibahatisha kosa, kisha kulikiri kwa mwandiko unaosomeka. Akiandika kwamba hajui kwa nini ameitwa, ataambiwa anajifanya mjanja. Akikisia vibaya, akataja kosa ambalo hakuna aliyelijua, basi amejiongezea kesi ya pili kwa mkono wake mwenyewe.

Watu wazima tukikutana hulicheka jambo hili. Tunasimuliana nani aliandika nini, nani alikiri kuruka ua ilhali aliitwa kwa sababu ya viatu. Lakini hebu liangalie tena lile agizo. Halikuulizi kama umefanya. Limeshaamua kwamba umefanya, linataka maelezo tu. Na karatasi ile haitupwi. Hutiwa kwenye faili, ikaitwa maelezo ya mwanafunzi, na siku mzazi akifika anaonyeshwa: si haya hapa, ameandika mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha.

Swali langu ni hili. Mtoto aliyehukumiwa namna hii katika miaka yake yote ya sekondari, anaweza kweli kufundishwa haki ni nini? Na mahakama za nchi, ambazo zimejengwa juu ya kanuni iliyo kinyume kabisa na karatasi ile, zina kazi gani ndani ya lango la shule?

Tuanze na mahakama zenyewe, maana wengi wetu tunazijua kwa taarifa za habari za saa moja tu. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 159, inasema mamlaka ya kuhukumu yanatoka kwa wananchi, na mahakama huyatumia kwa niaba yao. Chini ya ngazi wako mahakimu, makadhi, na mahakama za kijeshi. Kesi ya kijana aliyeshikwa na mali ya wizi huanzia hapo, kwa hakimu. Juu yake iko Mahakama Kuu, ambayo ndiyo humpokea mtu anayesema haki yake ya kikatiba imevunjwa. Sambamba nayo, kwa hadhi ileile, iko mahakama ya ajira na mahusiano ya kazi, na nyingine ya mazingira na ardhi. Halafu inakuja Mahakama ya Rufani. Halafu, kileleni, Mahakama ya Juu yenye majaji saba wakiongozwa na Jaji Mkuu.

Kwa nini ngazi yote hiyo? Wakili atakupa jibu refu. Jibu fupi ni kwamba nchi imekiri, tena kwa maandishi, kuwa anayehukumu anaweza kukosea. Hakimu ana mtu juu yake. Jaji wa Mahakama Kuu naye ana watu juu yake. Na wale wa kileleni, wasio na mtu juu yao, hawaruhusiwi kuamua mmoja mmoja. Ngazi ya mahakama ni unyenyekevu uliojengwa kwa mawe na mbao. Ndani yake zinapita kanuni mbili ambazo ni nzee kuliko Katiba yoyote: usimhukumu mtu kabla ya kumsikia, na usiwe hakimu katika kesi yako mwenyewe. Waswahili wana namna yao ya kuisema hii ya pili, kwamba kesi ya ngedere haipelekwi kwa nyani.

Sasa rudi ofisini kwa naibu. Simu imepatikana bwenini. Naibu ndiye aliyeipata, kwa hiyo yeye ni shahidi. Ndiye anayehoji, kwa hiyo ni mpelelezi. Ndiye atakayeeleza uzito wa kosa, kwa hiyo ni kiongozi wa mashtaka. Ndiye atakayeamua, na mara nyingi ndiye atakayesimamia adhabu. Rufani iko kwa mwalimu mkuu, ambaye mlango wake ni wa pili kutoka hapo, na ambaye amekunywa chai na naibu saa nne asubuhi. Juu ya mwalimu mkuu kuna bodi ya shule, na juu ya bodi kuna ofisi za elimu za kaunti, lakini ngazi hiyo mwanafunzi hajawahi kuonyeshwa. Mzazi naye haijui. Ngazi usiyojua iko wapi ni sawa na ukuta.

Si kwamba sheria imesahau. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inasema mwanafunzi hafukuzwi ila baada ya njia nyingine zote za kumrekebisha kujaribiwa zikashindwa, na baada ya yeye pamoja na mzazi au mlezi wake kupewa nafasi ya kusikilizwa. Kifungu cha 36 kinakataza kumchapa na kumtesa kiakili. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa na ofisi inapofanya uamuzi unaomhusu, na haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi huo unapoweza kumwumiza. Kila mtu, inasema. Haisemi kila mtu aliyetimiza miaka 18.

Lakini neno "kusikilizwa" lina ujanja wake. Mama amesafiri usiku kucha kutoka Lodwar. Amekalishwa kwenye benchi la nje hadi saa saba mchana. Anaingizwa ofisini kwa dakika tano, anasomewa barua iliyochapishwa jana yake, anaulizwa kama ana la kusema. Je, amesikilizwa? Na mara nyingi mama huyo huingia akiwa ameshaomba msamaha. Hajui mtoto amefanya nini, lakini radhi ameitanguliza: "Mwalimu, nisaidie tu, huyu ni mtoto wako pia." Anaomba huruma mahali ambapo sheria ilimpa haki ya kuuliza swali. Si kosa lake. Yeye mwenyewe alipita katika ofisi kama hiyo, na hilo ndilo alilofundishwa: mbele ya meza, mtu huomba.

Idara ya Mahakama, kwa upande wake, hujitahidi kujuana na shule. Wanafunzi huja kortini na sare zao, wakaketi kwenye viti vya nyuma na kuangalia kesi ikisomwa. Mahakimu na majaji hutembelea shule. Kuna siku za wazi, kuna mashindano ya kesi za kuigiza ambapo msichana wa kidato cha tatu huvaa joho la kuazima na kumhoji shahidi hadi ukumbi mzima ukapiga makofi. Sina neno na mambo hayo. Yanaondoa hofu, na kuna mtoto ambaye ndoto yake ya uwakili ilizaliwa kwenye basi la kurudi shuleni.

Ila mtoto hujifunza kwa yale anayotendewa zaidi ya yale anayoelezwa. Jumanne ameketi kortini, ameelezwa kwamba mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe kwamba anayo. Jumatano usiku mtu mmoja amepiga mluzi wakati wa masomo ya jioni, hakujulikana nani, na kidato kizima kikaamriwa kulala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande. Sasa mtoto huyo aamini siku gani? Ziara ilikuwa ya saa mbili. Shule ni ya miaka.

Najua jibu la mwalimu, na si jibu la kupuuzwa. Mwalimu wa zamu ana mamia ya wanafunzi wa kulaza usiku huu, na kesho saa mbili kasorobo ana somo la hesabu. Simu iliyofichwa bwenini inaweza kuwa ya kumpigia mama. Inaweza pia kuwa ya kupangia mgomo. Akingoja ushahidi wa kiwango cha korti, bweni litaungua akiwa bado anajaza fomu. Na shule, atasema, si mahakama. Ni nyumbani. Mwalimu amesimama mahali pa mzazi, na hakuna mzazi anayemsomea mwanawe mashtaka kabla ya kumkanya. Samaki mkunje angali mbichi.

Hoja ya mzazi ni nzuri, hadi unapofika langoni. Mzazi hamtoi mwanawe nyumbani kwa barua yenye muhuri. Mzazi akimkosea mtoto leo, kesho asubuhi wako kwenye meza moja, uji ni mmoja, na kosa linapata mahali pa kurekebishika. Shule ikikosea, mtoto yuko stejini na sanduku lake akingoja matatu. Tunakubali mzazi awe na mamlaka bila karani wala faili kwa sababu mamlaka yake yamefungwa na kamba ya mapenzi na ya kuishi pamoja. Mamlaka ya ofisi hayana kamba hiyo. Naibu anaweza kuhamishwa muhula ujao asikumbuke hata jina la yule mtoto. Kwa hivyo mamlaka ya ofisi yanahitaji kamba nyingine, na kamba yenyewe ni utaratibu: uliza kwanza, sikia, andika sababu, mwache mwingine atazame.

Na tukitaka kujua kama walimu wanauelewa umuhimu wa utaratibu, tuwatazame wanapokuwa wao upande wa pili wa meza. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi sababu ya kutaka kumfuta kwa utovu wa nidhamu, tena kwa lugha anayoielewa, na amsikilize akiwa pamoja na mwenzake wa kazi au mwakilishi wa chama. Mwalimu akifutwa bila kusikilizwa, ataenda kwa mahakama ya ajira, na majaji watamsikiliza. Chama chake kitasimama naye, na sisi wengine tutasema ameonewa, hata kabla ya kujua kama alikosa kweli. Tutasema, sawa, huenda alikosa, lakini hata mkosaji huulizwa. Hiyo "hata mkosaji huulizwa" ndiyo ninayoiombea nafasi darasani.

Hoja ya muda, kwamba shule haina nafasi ya kusikiliza, ilishapimwa mahakamani mbali na hapa. Mwaka 1971, katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio nchini Marekani, wanafunzi kadhaa walisimamishwa masomo hadi siku kumi wakati wa vurugu shuleni, bila kuulizwa lolote. Mmoja wao alisema alikuwa mpita njia tu pale kwenye ukumbi wa chakula, na kwamba siku hiyohiyo wenzake wasiopungua 75 walisimamishwa pamoja naye. Kesi ilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ikaamuliwa mwaka 1975 na kujulikana kwa jina la Goss dhidi ya Lopez. Majaji waligawanyika, watano kwa wanne. Wale wanne waliogopa hasa kile anachokiogopa mwalimu wetu wa zamu, kwamba majaji wataingia madarasani na kuanza kuongoza shule.

Lakini tazama wale watano walidai nini. Hawakudai wakili. Hawakudai mashahidi wala siku ya kutajwa kwa kesi. Kwa adhabu fupi kama ile, walisema, mwanafunzi aambiwe anatuhumiwa nini. Akikana, aelezwe ushahidi uliopo. Kisha apewe nafasi ya kutoa upande wake. Mazungumzo hayo yanaweza kufanyika dakika chache tu baada ya tukio, palepale koridoni. Na kama mwanafunzi ni hatari kwa wenzake, aondolewe kwanza, asikilizwe baadaye kidogo. Basi. Ukiweka saa mezani, huo ni muda mfupi kuliko ule wa mtoto kujaza karatasi tupu mbele na nyuma.

Kuna sababu nyingine ya kutaka usikilizaji ufanyike shuleni, nayo ni kwamba mahakama, kwa uzuri wake wote, si mahali pazuri pa kumaliza jambo la mtoto. Kisa cha Isiolo kinatufundisha hilo. Mwaka 2014 ulizuka mzozo katika Shule ya Sekondari ya St. Paul's Kiwanjani kuhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa la Methodist, mfadhili wa shule, lilikwenda Mahakama Kuu ya Meru, na mwaka 2015 likashinda. Mzazi mmoja akakata rufani, na Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikasema wasichana waruhusiwe. Kanisa likapanda tena. Januari 2019 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ikatengua uamuzi wa rufani. Sababu kubwa ilikuwa kwamba dai la mzazi yule, aliyekuwa ameingia kwenye kesi kama mhusika mwenye maslahi tu, lililetwa kwa njia isiyofaa. Anayetaka jibu aanze upya Mahakama Kuu. Jaji mmoja alipinga.

Hapa sitetei hijabu wala kuipinga. Hesabu miaka tu. Msichana aliyeingia kidato cha kwanza mwaka 2014 alifanya mtihani wake wa kidato cha nne mwaka 2017. Kufikia siku ile majaji waliposema kesi ianzishwe upya, alikuwa ametoka shuleni zaidi ya mwaka mmoja. Pengine alikuwa ameolewa, pengine chuoni, pengine anauza duka. Haki yake ilipanda ngazi yote, ikafika juu, ikaambiwa iteremke. Sheria haina umri. Inaweza kungoja miaka mitano bila kunyoa ndevu. Mtoto hawezi. Utoto ni kitu pekee kinachoisha wakati kesi yake ikiendelea.

Kisa kingine cha mwaka huohuo wa 2019 kinaonyesha kile mahakama inaweza kukifanya vyema. Msichana wa familia ya Kirastafari alikuwa ameingia shule moja ya sekondari jijini Nairobi na kurudishwa nyumbani kwa sababu ya nywele zake. Babake alienda Mahakama Kuu. Kabla ya kuamua lolote kuhusu dini, mahakama iliagiza msichana arudi darasani kesi ikiendelea. Septemba, Jaji Chacha Mwita aliamua kwamba Urastafari ni dini inayolindwa na Katiba na kwamba haki za msichana zilikuwa zimekiukwa. Watu walibishana sana juu ya sehemu hiyo ya pili. Mimi ile ya kwanza ndiyo inayonigusa: jaji alikilinda kiti cha mtoto darasani wakati wakubwa wakibishana. Hiyo ndiyo hekima ambayo shule ingeweza kuiazima bure. Kwa nini, katika makosa yasiyo ya hatari, mtoto akae nyumbani wiki tatu akingoja bodi ikutane? Asikilizwe akiwa shuleni, alale shuleni, asome shuleni.

Tena tukumbuke ni nani anayefika huko mahakamani. Kifungu cha 22 cha Katiba kinasema kufungua kesi ya haki za kikatiba hakutozwi ada, na kwamba mahakama ikibidi ipokee hata maandishi yasiyo rasmi. Ni kifungu kizuri mno. Lakini ili ukitumie lazima ujue kipo, uwe na nauli ya kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa, na uwe tayari kugombana na shule ambayo mtoto wako mwingine bado anasoma. Mwenye wakili atapata amri ya korti kabla ya Ijumaa. Wa Lodwar atarudi na mwanawe nyumbani. Tukiiachia mahakama peke yake kazi ya kuleta haki shuleni, tutakuwa tumewapa haki watoto wa wenye nauli.

Halafu kuna njia nyingine ambayo mtoto wa shule hufika mahakamani, nayo ni ya kutisha. Machi 2001, wavulana 67 walikufa bwenini Kyanguli, Machakos. Septemba 2017, wasichana kumi walikufa kwa moto katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Mwaka 2022 mwanafunzi mmoja wa shule hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Moto ukitokea, utasikia mtu redioni akisema haya yote yalianza siku kiboko kilipopigwa marufuku, mwaka huo wa 2001. Lakini wanafunzi wa Nyeri High waliwateketeza viranja wanne mwaka 1999, kiboko kikiwa bado halali na kikifanya kazi kila siku. Sisemi moto huu uliletwa na ile karatasi tupu. Hakuna sababu moja ya jambo zito namna hiyo, na hakuna dhuluma ya ofisini inayohalalisha kufunga mlango wa bweni na kuwasha kiberiti. Ninachosema ni kwamba kiboko hakijawahi kuwa kinga.

Na hapa ndipo pana kinaya ambacho kinapaswa kutukosesha usingizi. Mtoto anaposhtakiwa kwa jinai, sheria humvalisha nguo laini. Sheria ya Watoto ya 2022 imeondoa umri wa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Katiba, katika Kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila kama njia ya mwisho, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na asichanganywe na watu wazima. Hakimu, kabla ya kuamua, huagiza ripoti ya afisa wa probesheni: mtoto huyu ni wa nani, analala wapi, anakula nini, nani alimfunza. Sheria zetu za watoto zimefika mahali pa kuichunga hata lugha, kwamba maneno ya hukumu ya watu wazima yasitumiwe kwa mtoto katika mahakama ya watoto. Sasa mfikirie yule aliyeshikwa na simu. Hajafanya jinai yoyote. Jumatatu asubuhi anasimamishwa mbele ya gwaride, shule nzima inamtazama, anaitwa mwizi, anaitwa jambazi, anaitwa mbegu mbaya. Hakuna ripoti. Hakuna aliyeuliza analala wapi. Inakuwaje mtoto apate heshima zaidi akifika kizimbani kuliko akiwa darasani?

Ninaamini tumeuelewa vibaya uhusiano wa mahakama na shule. Tunadhani shule humfundisha mtoto juu ya mahakama, kisha mahakama humngoja akikua. Ukweli ni kwamba mtoto ameshahukumiwa mara mia kabla ya kumwona hakimu wa kwanza, na zile hukumu mia ndizo zilizomfundisha. Samaki tunamkunja kweli, lakini tuangalie anakunjikia wapi. Anajifunza kwamba anayekiri upesi hupona upesi, hata kama hakufanya. Anajifunza kwamba ukweli ni kile mwenye meza anataka kusikia. Anajifunza kumtaja mwenzake ili atoke. Kisha miaka kumi baadaye kijana huyo amevaa sare ya polisi, mshukiwa amekaa mbele yake, na anajua hasa kesi huanzaje. Anachukua karatasi tupu.

Haihitaji bajeti mpya kuanza tofauti. Mtoto aambiwe tuhuma kabla ya kuulizwa chochote. Badala ya "andika ulichofanya", aulizwe "eleza kilichotokea", maneno mawili kwa mawili, ila hili la pili lina mlango. Mwalimu aliyemshika asiwe ndiye anayeamua; kuna walimu wengine shuleni, na wa ushauri nasaha yuko. Adhabu iandikwe na sababu yake, na chini ya karatasi hiyo paandikwe usiporidhika nenda kwa nani. Kosa la mmoja lisilipwe na kidato kizima. Na mahakimu wanapotembelea shule, wasizungumze na wanafunzi pekee. Waketi saa moja na naibu na walimu wa zamu, waelezane namna ya kumsikiliza mtu unayeshuku kwamba anakudanganya. Hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku, na ni kazi ngumu. Wana mengi ya kutoa.

Walimu nao wana la kuwafundisha mahakimu. Hakimu akishafunga faili, mshtakiwa huenda zake. Mwalimu atamkuta mtoto yuleyule kesho kwenye foleni ya chakula, na kesho kutwa, na muhula ujao. Anaweza kuona kama adhabu ilifanya kazi. Anaweza kumwita pembeni akamuuliza hali. Mahakama ingelipa pesa nyingi kupata nafasi kama hiyo.

Bado kuna atakayesema: lakini wengi wao huwa wamefanya kweli. Ndiyo. Wengi wao simu ilikuwa yao, na ua waliliruka. Kusikilizwa hakukuwekwa kwa ajili ya wasio na kosa peke yao. Mtoto aliyekosa, akasikilizwa, akaelezwa, kisha akaadhibiwa, huondoka akijua ameadhibiwa kwa kile alichokifanya. Aliyekosa na hakusikilizwa huondoka akijua tu kwamba ameshindwa nguvu. Wa kwanza anaweza kuona aibu, na aibu ina kazi yake. Wa pili atangoja siku ambayo nguvu zitakuwa upande wake.